Mhandisi wa kukagua nyumba: pesa inayotangulia tofali la kwanza

Dar es Salaam, kila penye nyumba za zamani za vyumba sita, korido katikati, jiko na choo uani, swali ni moja: ikarabatiwe, iongezwe, au iuzwe? Liko Magomeni, liko Buguruni, liko Temeke. Nyumba ilijengwa miaka ya sabini au themanini. Bati limeliwa na kutu, ukuta unamwaga chumvi, na watoto wamekuwa watu wazima. Mmoja katika familia anataka paa jipya na malumalu. Mwingine anataka vyumba vya kupangisha uani, au nyumba ipandishwe ghorofa. Wa tatu anasema iuzwe, kila mtu achukue chake, waende Chanika au Kigamboni. Kikao kinaisha usiku, na hakuna aliyeiuliza nyumba yenyewe.

Huduma tunayoipima hapa ndiyo inayoiuliza: ukaguzi wa mhandisi wa majengo aliyesajiliwa, kabla fundi hajaitwa, kabla mchoro haujachorwa, na kabla dalali hajapewa picha. Hatumtaji mhandisi wala kampuni, kwa kuwa ubora wa kazi hii unategemea zaidi alichoagizwa kufanya kuliko jina lililoandikwa kwenye bahasha. Tunasema mapema tunachokiamini: kwa nyumba ya aina hii, hakuna pesa inayofanya kazi kubwa kuliko hii katika mradi mzima, ila kwa sharti moja. Ukaguzi uingie ardhini.

Watu huja "kuiangalia nyumba" kwa namna tatu. Ya kwanza ni fundi anayekuja bure. Fundi mzuri ana macho makali na anajua mtaa, lakini anayelipwa kwa kujenga ni vigumu akwambie usijenge. Ya pili ni ukaguzi wa nusu siku: mhandisi mmoja, kibarua mmoja wa kuchimba, vipimo vyepesi, ripoti ya kurasa nne au tano. Ya tatu ni ukaguzi kamili wa siku mbili hadi nne, wenye kukata sampuli za zege na kupeleka matofali maabara yakavunjwe kwa mashine. Kwa anayewaza kukarabati, au kuongeza vyumba visivyo na ghorofa uani, ya pili inatosha kabisa. Ya tatu ilipiwe pale tu panapotakiwa ghorofa, au pana ufa unaozidi milimita 5, au nondo zimeanza kupasua zege. Anayekuuzia ya tatu kwa sababu ya kubadilisha bati anakuongezea gharama bila faida.

Shimo la msingi

Kasoro kubwa ya huduma hii ni mhandisi kuja na kamera, kuizunguka nyumba, kugonga ukuta mara mbili tatu na kuondoka. Lipu na rangi huficha mengi. Mwagize, na kwa maandishi, achimbishe mashimo mawili ya uchunguzi: moja kwenye kona ya nyumba, jingine katikati ya ukuta mrefu, au pale penye ufa mkubwa. Sentimita 60 kwa 60 zinatosha mtu kuinama na kuona. Shimo lishuke mpaka usawa wa chini ya msingi lakini lisichimbuliwe kuingia uvunguni mwake, na lifukiwe siku hiyo hiyo kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ikishindiliwa. Shimo likiachwa wazi likanyeshewa usiku, udongo uliobeba kona ya nyumba kwa miaka arobaini unaweza kulainika kabla ya asubuhi.

Humo shimoni swali la kwanza ni kama chini ya matofali kuna zege. Zipo nyumba ambazo matofali yameanza moja kwa moja juu ya mchanga ulioshindiliwa, au juu ya mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa udongo. Msingi huo, kama umetulia miaka yote, unaweza kuendelea kuibeba nyumba ya chini, yaani isiyo na ghorofa, kama ilivyo. Kuuongezea mzigo ni jambo jingine kabisa. Zege likiwepo, lipimwe upana na unene: sentimita 60 kwa 20 chini ya ukuta wa matofali yaliyolazwa kwa ubapa ni kipimo cha kuridhisha kwa nyumba isiyo na ghorofa. Kisha udongo. Mchanga mgumu ni habari njema. Mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika ni habari mbaya, na ndio chanzo cha nyufa nyingi ambazo mafundi huziziba kila mwaka bila kuziponya. Maji yakichuruzika shimoni kabla ya kufika mita moja, ripoti iseme hivyo kwa herufi kubwa, kwa sababu karo, jamvi (zege la sakafu) na kila kitu kitakachojengwa kitategemea jambo hilo.

La mwisho ni tofali lenyewe: limelazwa au limesimamishwa? Wenyeji wa kazi wanajua tofauti, wenye nyumba wengi hawaijui. Tofali la inchi 6 likilazwa hutoa ukuta wa inchi 9. Likisimamishwa, ukuta ni inchi 6 tu. Msingi hulazwa, kuta husimamishwa, na hilo ni sawa kwa nyumba ya chini. Tatizo huanza pale mtu anapotaka kuipandisha nyumba hiyo hiyo ghorofa.

Hesabu yake si ngumu, na mhandisi asipokuonyesha, mwombe. Zege lenye nondo lina uzito wa takriban kilo 2,500 kwa mita moja ya ujazo. Slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ya unene wa sentimita 15 ina kilo 375 kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 kinabeba juu yake tani 4.6, kabla hakijaingia kitanda wala mtu. Ukuta mmoja wa inchi 6 wenye kimo cha mita 3, pamoja na lipu pande zote mbili, una takriban tani moja kwa kila mita ya urefu. Jumlisha hayo na paa, halafu tazama ule msingi usio na zege. Ndiyo sababu ghorofa juu ya nyumba ya zamani hujengwa kwa nguzo zake zenyewe, zenye vitako vyake vya zege ardhini, zikipita pembeni au ndani ya kuta bila kuziegemea. Mara nyingi hesabu ikifika hapo, kubomoa na kuanza upya kunakuwa nafuu. Mhandisi anayesema "kuta hizi zinabeba ghorofa" baada ya kuzitazama kwa macho, usimwendee tena.

Dar haijasahau jengo la Kariakoo lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 likaua watu. Kuchimba chini au pembeni mwa jengo lililosimama ni kazi yenye kanuni zake: mtaro wa msingi mpya usishuke chini ya msingi wa zamani uliopo kando yake, na ikilazimu kushuka, uchimbwe kwa vipande vya mita moja moja kwa kuruka kimoja kila mara, kila kipande kikimwagwa zege na kuachwa kikaze kabla ya kugusa kinachofuata. Ripoti isiyosema neno kuhusu jambo hili, wakati mteja ametaja wazi kuwa anataka kuongeza chumba, imepungukiwa.

Nyufa na namna zinavyosomwa

Hapa ndipo mhandisi mzuri anapojitenga na wa kawaida. Ripoti yenye picha ishirini za nyufa bila vipimo haina faida. Kila ufa uwekwe kwenye ramani ya nyumba, uandikwe upana wake kwa milimita, mwelekeo wake, na kama umepita kwenye lipu pekee au umeingia kwenye tofali. Namna ya kujua ni kubandua lipu kipande cha kiganja kimoja. Wengi hawabandui, wakiogopa kuchafua ukuta wa watu.

Ufa wa unywele, chini ya milimita moja, uliotawanyika kama utando, ni wa lipu iliyokauka haraka au iliyotiwa saruji nyingi. Hauna uzito wowote katika uamuzi wako. Ufa unaopanda kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali, hasa ukitokea kona ya dirisha, unasema sehemu moja ya msingi imeshuka kuliko nyingine. Ufa wa mlalo juu kabisa, chini ya paa, huonyesha kenchi, yaani fremu za mbao za paa, zinasukuma ukuta nje, au hakuna ringi bimu, ule mkanda wa zege lenye nondo unaozunguka juu ya kuta. Ufa wa wima ulionyooka pale chumba kilichoongezwa zamani kinapokutana na nyumba ni wa kuungana vibaya: majengo mawili yenye misingi miwili hushuka kwa kasi mbili.

Swali lenye thamani ni moja: ufa unatembea au umelala? Mhandisi apigilie misumari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, apime umbali kati yake kwa kalipa (kifaa cha kupimia milimita), aandike tarehe ukutani kwa penseli kwenye ncha za ufa. Vipimo virudiwe kila mwezi, na vipite walau msimu mmoja wa masika. Hii wewe mwenyewe unaweza kuifanya ukionyeshwa mara moja. Ufa wa milimita 4 uliolala miaka kumi unazibwa na maisha yanaendelea. Ufa wa milimita 2 unaoongezeka unataka msingi ushughulikiwe, na hakuna pesa ya malumalu inayopaswa kutoka kabla ya hapo. Kuanzia milimita 15 kwenda juu, tunazungumzia kubomoa na kujenga upya kipande cha ukuta.

Chumvi, unyevu na barabara iliyopanda

Kwa nyumba za pwani sehemu hii ndiyo inayoamua mengi, na ndiyo inayoandikwa kwa sentensi moja katika ripoti nyingi: "kuta zina unyevu, zipigwe lipu upya." Lipu mpya ya saruji juu ya ukuta wenye chumvi hudumu masika moja, pengine mbili, kisha inavimba na kudondoka kama ya kwanza. Pesa hiyo hiyo italiwa tena.

Lazima ijulikane chumvi inatoka wapi. Ikiwa madoa meupe na ukuta unaomung'unyuka vinaishia kimo cha mita moja kutoka sakafuni, unyevu unapanda kutoka ardhini, yaani nailoni ya kuzuia unyevu haikuwekwa au imekufa. Hapo kuna dawa. Lipu ibanduliwe mpaka nusu mita juu ya doa la mwisho, chumvi isuguliwe kwa brashi kavu wala si kwa maji, ukuta uachwe wiki kadhaa ukauke. Kisha kozi moja ya tofali, yaani mstari mmoja, ikatwe kwa vipande vya mita moja kwa kuruka, nailoni nzito iingizwe, pengo lijazwe mota, na kipande cha jirani kiguswe baada ya siku mbili tatu. Kazi hii ni ya taratibu, na fundi mwenye haraka asiiguse.

Ikiwa madoa yako kila kimo, hata chini ya paa, chumvi imo ndani ya tofali au mota: mchanga wa ufukweni, au maji ya kisima ya chumvi yaliyochanganyia. Nailoni haitasaidia chochote. Nondo zilizomo kwenye lenta (zege la juu ya milango na madirisha) na nguzo zitakuwa zinaoza, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, ndiyo maana zege hupasuka na kumeguka. Mhandisi amege kipande kidogo cha zege na kunyunyizia fenolftalini, dawa ya maabara inayobadilika rangi: zege lenye afya hugeuka waridi, lililochoka halibadiliki rangi. Mahali pasipobadilika rangi pakifika kwenye nondo, zege halilindi tena chuma. Kipimo hiki hakionyeshi chumvi, kwa hiyo kwa nyumba iliyo karibu na bahari unga wa zege upelekwe maabara nao. Kuta zikitoka na majibu mabaya katika vipimo vyote viwili, usizikarabati kwa gharama kubwa wala usiziongezee kitu.

Neno kuhusu nyundo ya kupimia zege, ile ya kudunda, ambayo wateja huipenda kwa kuwa inatoa namba. Inapimia zege tupu, si lipu wala tofali. Namba moja itokane na mapigo yasiyopungua tisa mahali pamoja. Na zege la zamani lina ngozi ngumu juu, kwa hiyo nyundo husoma nguvu kubwa kuliko iliyomo ndani. Ripoti inayosimama juu ya nyundo hii peke yake haikupi msingi wa kuamua ghorofa.

Halafu barabara. Mitaa ya Dar hupandishwa kifusi mwaka hadi mwaka, na nyumba ambayo zamani ilikuwa na ngazi mbili za kupanda barazani sasa iko chini ya barabara. Maji ya mvua yakija, yanaingia. Mhandisi apime kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba wa kusawazishia, tofauti kati ya usawa wa sakafu na katikati ya barabara, na aandike namba. Suluhisho la fundi ni kujaza kifusi ndani na kumwaga jamvi jipya. Fanya hesabu kabla hujakubali: mlango wa mita 2.1 ukipandisha sakafu kwa sentimita 30 unabaki mita 1.8. Madirisha yanashuka kufika magotini. Basi lenta zote zivunjwe na kupandishwa, na hapo umeshaingia kwenye kujenga kuta upya. Kwa maoni yetu, sakafu iliyo chini ya barabara kwa zaidi ya sentimita 20, mahali pasipo na mtaro wa kupeleka maji, inatosha kuiondoa nyumba kwenye orodha ya kukarabatiwa. Na kwa walio ndani ya bonde la Mto Msimbazi, hata ukaguzi wenyewe usilipiwe. Mto ukija hauulizi ubora wa msingi.

Yanayopita haraka

Paa hukaguliwa kwa kupanda juu ya dari, si kwa kusimama uani. Bisibisi ikisukumwa kwa mkono ikaingia kwenye kenchi zaidi ya nusu sentimita, mbao imekwisha, kwa mchwa au kwa kuoza. Bati likiwa la geji 32 (geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba), hata likionekana zima, lipangiwe kubadilishwa. Kwa pwani tunashauri geji 28. Paa likiwa la asbesto, kazi ni tofauti kabisa: lisikatwe, lisivunjwe, lisipigwe brashi likiwa kavu. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Lilowanishwe, literemshwe zimazima, lifungwe kwa nailoni, na halmashauri iulizwe pa kulitupa.

Umeme uangaliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, si mhandisi huyu. Waya wa milimita za mraba 2.5 kwa soketi, 1.5 kwa taa, ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) iliyopimwa, na swichi ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja. Nyumba ya miaka ile ikikosa ethi, mfumo wote uvutwe upya.

Karo na shimo la choo viwekwe kwenye ramani kabla ya chochote, mpaka mashimo ya zamani yaliyofukiwa. Chumba kipya uani hukaa juu ya shimo lililosahauliwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na sakafu hutitia mwaka wa pili. Fimbo ya chuma ya mita moja na nusu, ikichomekwa kila hatua moja, hugundua ardhi iliyojazwa taka.

Makadirio ya vifaa yanayoambatana na ripoti

Wahandisi wengi huongeza kurasa za makadirio, na hapa ndipo tumeona tofauti kubwa kati ya ofisi na ofisi. Usiyakubali bila kuyapima. Chukua chumba kimoja cha mita 4 kwa 4 kinachoegemea nyumba kwa upande mmoja, yaani kuta tatu mpya zenye jumla ya mita 12, kimo cha mita 3. Ukitoa mlango na dirisha unabaki na takriban mita za mraba 32. Tofali la inchi 18 kwa 9 linalosimama, pamoja na mota yake, ni tisa na kidogo kwa mita ya mraba: kama 300, na ukiweka akiba ya kuvunjika, 315. Msingi wa kozi tano zilizolazwa ni tofali 26 kila kozi, yaani 130. Jumla 445. Makadirio yakisema 700, ulizia.

Zege la msingi la mita 12 kwa sentimita 60 kwa 20 ni mita 1.44 za ujazo. Jamvi la sentimita 10 ni 1.6. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, kila mita ya ujazo hula mifuko sita na nusu ya kilo 50, kwa hiyo jumla ni mifuko 20, ukiacha ya mota, lipu na ringi bimu. Ringi bimu ya inchi 6 kwa 8 yenye nondo nne za milimita 12 inataka nondo tano za mita 12 pamoja na maungio, na nondo tatu za milimita 8 za kukunjia ringi zinazozifunga, moja kila sentimita 20.

Nondo zipimwe kwa mizani dukani. Nondo halisi ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10.7, ya milimita 10 ina 7.4, ya milimita 16 ina 19. Ikija na kilo 9 badala ya 10.7, si ya milimita 12 hata kama imeandikwa hivyo ubavuni. Matofali nayo: mfuko mmoja wa saruji hutoa tofali 25 hadi 30 zenye nguvu za inchi 6. Anayekuuzia ya bei chee ameshafika 40 au 50, na tofali lake likikwaruzwa kwa msumari linaacha mfereji. Saruji ya daraja la nguvu la 32.5 inafaa kujengea na kupiga lipu. Kwa slabu, nguzo na bimu ichukuliwe ya 42.5.

Sehemu ambayo makadirio huisahau karibu kila mara ni kiungo kati ya jipya na la zamani. Chumba kilichoongezwa hakiunganishwi kwa kutoboa tofali na kuchomeka vipande vya nondo huku na kule. Aidha kitenganishwe kabisa kwa pengo la sentimita 2 linalojazwa kitu laini na kufunikwa kwa mkanda wa bati, au msingi na ringi bimu viungwe kwa hesabu ya mhandisi. Njia ya kwanza ni salama zaidi kwa nyumba zetu.

Kasoro za huduma yenyewe

Ya kwanza ni ripoti za kunakili. Ukiona imetaja lifti au orofa ya tatu katika nyumba yako ya chini, rudisha. Ya pili ni mgongano wa masilahi: mhandisi anayekagua, kuchora na kusimamia ujenzi ana sababu ya kupenda jibu la "jenga". Mpe kazi ya ukaguzi peke yake, na mwambie tangu mwanzo kwamba mchoro utashindaniwa. Ya tatu ni kukwepa kuamua. Kurasa tano za "inashauriwa uchunguzi zaidi" hazifai. Mkataba useme ripoti itajibu maswali matatu kwa ndiyo, hapana, au ndiyo kwa sharti: je, nyumba inastahili kukarabatiwa, je, inaweza kuongezwa upande gani na kwa uzito gani, je, kuna lolote linalofanya isistahili kuwekewa pesa.

Hakikisha jina lake limo kwenye rejista ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi na ripoti imepigwa mhuri wake. Lipa nusu ya ada siku ya kuchimba, na nusu ya pili ukishapokea ripoti na akakaa na familia saa moja kuifafanua. Kwa ukaguzi wa nusu siku, ada inayozidi asilimia 2 ya bajeti ya kazi tunaiona kubwa, isipokuwa bajeti yenyewe iwe ndogo sana.

Kuna asiyehitaji huduma hii hata kidogo: yule ambaye karatasi zake zinamzuia. Mhandisi hasomi mipaka. Kabla ya kumlipa, mpima ardhi atafute bikoni, yaani alama za mpaka wa kiwanja, na uulize kama nyumba imo kwenye hifadhi ya barabara. Waliobomolewa kati ya Kimara na Kiluvya mwaka 2017, wakati Barabara ya Morogoro inapanuliwa, walikuwamo wenye nyumba imara kabisa. Kibali cha ujenzi cha halmashauri kinahitajika kwa kuongeza vyumba, si kwa nyumba mpya pekee. Na nyumba ya mirathi isiyo na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama haiwezi kuuzwa wala kuombewa mkopo. Kumwekea mhandisi pesa wakati ndugu hawajakubaliana ni kununua ripoti itakayochakaa kabatini.

Ripoti ikisema nyumba haistahili, kuhama nako kufanyiwe hesabu kamili. Muuzaji mkazi wa Tanzania kwa kawaida hutozwa asilimia 10 ya faida aliyoipata, na mnunuzi ushuru wa stempu wa takriban asilimia 1. Ukiuza na kununua, pande zote mbili zinakuhusu. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, kwa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ongeza fungu la dalali, kodi ya nyumba ya kupanga kwa miezi sita au mwaka inayodaiwa kwa mkupuo, na nauli za kila siku za kila mtu kutoka Chanika hadi mjini. Ripoti ile ile pia mpe mnunuzi. Nyumba iliyoonyesha msingi wake wazi huzungumzwa bei kwa amani zaidi, hata kama anayeinunua atabomoa.

Mwezi wa kumwita mhandisi ni mwishoni mwa Mei, masika inapoishia. Ardhi bado imeshiba maji, kuta bado zina doa la unyevu, paa limeshaonyesha panapovuja. Ukaguzi wa Januari, jua likiwaka, huiona nyumba ikiwa katika hali yake bora, na mfinyanzi ukiwa umejikunyata. Usipige rangi kwa ajili ya mgeni huyo, na usisogeze kabati kufunika ufa.